Spea Zinapatikana?

Ukitaka kununua pikipiki, hata kama hujui plagi wala kabureta, kuna swali moja lazima utaliuliza, na usipouliza wewe atauliza mjomba wako: spea zinapatikana? Ndiyo maana barabara zetu zimejaa Toyota. Si kwamba sisi tunawapenda Wajapani kuliko watu wengine. Kila mtu anajua kwamba gari hilo likizimika Makambako saa mbili usiku, kuna fundi atakayelifungua bila kushangaa na kuna duka lenye kifaa chake, kiwe kipya au cha mtumba.

Sasa jiulize ni lini mara ya mwisho ulimwona mwanafunzi ananunua laptopu akauliza swali hilo. Tunauliza RAM ngapi. Tunauliza kama inakaa na chaji. Wengine, na siwataji kwa sababu tunakaa nao bloku moja, wanauliza kama kibodi inawaka taa. Tukiridhika tunalipa, tunabandika stika, tunaondoka. Mwaka mmoja na nusu baadaye tuko kwa fundi na sura za msiba.

Mwezi mmoja kabla ya kukusanya ripoti za utafiti, bawaba ya laptopu ya rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja ilianza kulia kama mlango wa bweni la zamani. Akapuuza. Siku moja pale kwenye vimbweta akaifungua, ikatoa mlio mmoja mfupi, na kioo kikalala pembeni kikiwa kimening'inia kwa waya. Tukaipeleka kwa fundi mmoja mjini, kijana mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Akaifungua, akatuita tuone wenyewe. Bawaba ile haikuwa imefungwa kwenye chuma chochote. Skrubu zake zilishikiliwa na vijipu vya plastiki vilivyojengwa ndani ya mfuniko wenyewe, na vilikuwa vimeng'oka vyote. Ili ubadilishe kitu cha ukubwa wa kidole ilibidi ubadilishe mfuniko mzima. Mfuniko haupo dukani. Akatuonyesha na mengine, nadhani kwa huruma tu: RAM imelehemiwa kwenye bodi, betri imebandikwa kwa gundi. "Tusubiri mzoga," akasema. Mzoga kwa lugha yao ni laptopu nyingine ya aina ileile iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, ili wachukue viungo.

Tukasubiri mzoga. Mashine ilikuwa na miaka miwili, prosesa nzima, diski nzima, bodi nzima. Kilichokufa ni plastiki ya shilingi mia.

Katika siku hizo za kusubiri, yeye akiandika kwenye mashine yangu kuanzia saa nne usiku na mimi nikijifanya nimelala, nilianza kufuatilia kwa simu habari za kampuni moja ya Marekani inayoitwa Framework. Nilikuwa nimesikia kuna watu wanatengeneza laptopu ya kufungua na kufunga, nikadhani ni zile habari za teknolojia zinazong'aa wiki moja na kupotea. Nimefuatilia tangu hapo, na nimefika mahali nina msimamo. Msimamo wenyewe si kwamba tununue laptopu zao. Hilo kwa wengi wetu haliwezekani, na nitaeleza. Nasema kwamba kampuni hii imethibitisha kwamba swali la mjomba linajibika hata kwa kompyuta, kwa hiyo sisi na chuo chetu hatuna tena kisingizio cha kutouliza.

Framework iko San Francisco, na mwanzilishi wake ni Nirav Patel, mhandisi aliyepitia Apple na baadaye Oculus, wale wa miwani ya uhalisia pepe. Februari 2021 walitangaza laptopu yao ya kwanza, na katikati ya mwaka huo wakaanza kuisafirisha kwa wateja. Ndani ya boksi kuna bisibisi.

Ndiyo, bisibisi. Kampuni imekuuzia kompyuta na kukukabidhi cha kuifungulia. Wakati huohuo kuna kampuni nyingine ambazo ukigusa skrubu moja zinasema umepoteza dhamana. Chini ya mashine kuna skrubu tano ambazo ukizilegeza hazidondoki. Wewe uliyewahi kutambaa chini ya kitanda cha hosteli na tochi ya simu ukitafuta skrubu utaelewa uzito wa jambo hilo. Kibodi inainuka kwa mkono maana imeshikwa na sumaku. Ndani, kila kifaa kimeandikwa jina lake na kina msimbo wa QR, ukiupiga kwa simu unafika kwenye maelekezo ya kukibadilisha. RAM inachomoka, diski inachomoka, betri inatoka kwa skrubu na si kwa maombi. Kioo, spika, kamera, feni, vyote vinauzwa kimoja kimoja, na bei iko wazi. Bawaba pia. Nilipofika kwenye bawaba niliweka simu chini kwanza. Zinauzwa pekee yake, na wateja wa mwanzo walipolalamika kwamba kioo kinalegea, kampuni ikatoa bawaba ngumu zaidi zinazoingia kwenye mashine zilezile za zamani.

iFixit, wale wataalamu wa kufungua vifaa na kuvipa alama, waliipa 10 kwa 10. Hapa chuoni alama hiyo hatuifahamu.

Halafu kuna suala la matundu ya pembeni, ambalo kwangu ndilo lenye akili kuliko yote. Ukimuuliza fundi yeyote wa laptopu ugonjwa anaoutibu kila siku, hatakosa kukutajia tundu la chaji. Tunachomeka na kuchomoa mara kumi kwa siku, tunachaji mashine ikiwa mapajani, mtu anapita anajikwaa kwenye waya, tundu linalegea, na kwa kuwa limelehemiwa kwenye bodi, ugonjwa wa tundu unakuwa ugonjwa wa bodi. Framework walichofanya ni kuweka nafasi nne ubavuni ambazo unachomeka vikadi vidogo. Kimoja kina tundu la USB-C, kingine USB-A, kingine HDMI, kingine cha kadi ya kumbukumbu. Unapanga unavyotaka. Unachajia kupitia kikadi, kwa hiyo kinachosuguliwa na kulegezwa kila siku ni kikadi. Kikiharibika unatoa, unaweka kingine. Cha USB-C kimekuwa kikiuzwa dola 9.

Kutengeneza kitu kizuri mara moja si kazi kubwa, na ahadi za aina hii zilishakufa nyingi. Google walikuwa na mradi wa simu ya kupachika vipande, Project Ara, watu tukashangilia, mwaka 2016 wakaufuta. Mtihani wa laptopu ya kubadilisha viungo si siku ya kuizindua. Ni mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, pale kampuni inapojaribiwa kutoa umbo jipya ili ganda la zamani liwe taka na wewe urudi dukani na pesa zako.

Kwa hiyo niliangalia miaka. Mwaka 2022 walitoa bodi yenye prosesa mpya za Intel, na wakaiuza pekee yake. Aliyenunua mashine 2021 akafungua skrubu zilezile tano, akatoa bodi ya zamani, akaweka mpya, akabaki na kioo chake, kibodi yake, ganda lake. Mwaka 2023 ikaja bodi ya AMD, ganda lilelile. Mwaka 2024 bodi nyingine ya Intel na kioo kizuri zaidi, kinachoingia hata kwenye mashine za kwanza. Mwaka 2025 bodi mpya ya AMD, ganda lilelile. Kuna betri yenye uwezo mkubwa zaidi, kuna kamera mpya, kuna spika zenye sauti kubwa zaidi, vyote vinarudi nyuma hadi kwa mteja wa kwanza. Si kila kitu kinahama, nisikudanganye: mashine za mwanzo zilitumia RAM ya DDR4, na bodi ya AMD inataka DDR5, kwa hiyo kwenye kuruka huko RAM unanunua upya. Lakini unajua mapema, na unanunua RAM, hununui laptopu.

Waliongeza pia mashine kubwa ya inchi 16, ambayo kadi yake ya michoro inachomolewa kwa nyuma kama kitu cha kuazimana. Ilianza kufika kwa wateja 2024 ikiwa na kadi ya AMD. Agosti 2025 wakatangaza kadi ya NVIDIA RTX 5070 inayoingia kwenye mashine hizohizo. Wanaosoma usanifu majengo na wale wa kuchora kwa kompyuta wanajua maana yake. Mwaka 2025 walileta pia ndogo ya inchi 12 inayogeuzwa kuwa tableti, ambayo walisema wazi kwamba wamewalenga wanafunzi.

Ile bodi ya zamani uliyoitoa haifi pia, na hapa ndipo wateja wao wanaponifurahisha. Inawaka bila betri na bila kioo. Ukiipa umeme kupitia USB-C na ukachomeka skrini yoyote ni kompyuta kamili. Kampuni ya Cooler Master ikatengeneza kijumba chake. Watu wakachapisha vya kwao kwa mashine za 3D, wengine wakazigeuza seva za nyumbani, wengine vifaa vya kuchezea gemu vya mkononi. Framework waliweka hadharani michoro ya umbo la bodi na mpangilio wa viunganishi vyake, yeyote aichukue. Kampuni nyingine kabisa, DeepComputing, ikatumia mwanya huo kutengeneza bodi ya RISC-V, prosesa ya aina tofauti na ya Intel na AMD, inayoingia kwenye ganda la Framework. Yaani mtu baki anakutengenezea injini ya gari lako. Toyota tunaijua kwa hilo.

Sasa nije kwenye lawama, maana rafiki yangu alinisikiliza usiku mmoja akaniuliza kama nimeanza kulipwa kamisheni.

Bei kwanza. Ile ndogo ya inchi 12 ilipotangazwa ilianzia dola 549 kwa toleo la kujiunganishia mwenyewe, yaani bila RAM, bila diski, bila Windows. Hiyo ni zaidi ya shilingi 1,300,000. Kwa bumu la chakula la Sh 10,000 kwa siku, ni zaidi ya siku 130 za kutokula, na ukimaliza kufunga unayo laptopu isiyowaka. Pili, hadi ninapoandika hapa, Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi wanazouzia moja kwa moja. Unaweza kuagiza kwa ndugu aliyeko Uingereza au Ujerumani, lakini swali la spea linarudi palepale: kikadi cha dola 9 kikifa, unamtuma nani? Kwa mtu wa hapa, leo, laptopu inayotengenezeka kuliko zote duniani haina spea. Nimecheka na nimekasirika.

Tatu, wao wenyewe wameteleza. Februari 2025 walitangaza kompyuta ya mezani, Framework Desktop, yenye RAM iliyolehemiwa. Wao! Walieleza kwamba prosesa ile ya AMD inahitaji RAM ya kasi ambayo kwa njia ya kuchomeka haikuwezekana, na kwamba walijaribu pamoja na wahandisi wa AMD. Naamini maelezo yao. Bado nadhani wangeiacha. Kompyuta ya mezani ndiyo mahali ambapo kila fundi duniani tayari alikuwa na uhuru, halafu kampuni ya uhuru inakuja kuupunguza. Nne, kwa muda mrefu masasisho ya BIOS yalikuwa yanachelewa mno, wateja wakalalamika hadi kampuni ikakiri. Na bodi zile za kwanza za 2021 zilikuwa na kibetri kidogo cha saa ambacho kikiisha kabisa mashine inagoma kuwaka.

Lakini angalia walivyolishughulikia hilo la kibetri. Hawakusema ni matumizi mabaya ya mteja. Walieleza tatizo ni nini, wakatoa maelekezo ya kulirekebisha ikiwemo kwa kulehemu kwa wanaoweza, na baadaye wakatoa kifaa mbadala. Mimi hapo ndipo niliposhika nilichokuwa nakitafuta. Kumbe vipande vinavyochomoka ni nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni kampuni kukuambia ukweli kuhusu mashine uliyoinunua.

Rudi sasa kwa fundi wetu. Yule kijana ana kipaji kuliko wengi wetu tunaovaa joho. Anapima bodi kwa mita, anasikiliza, anajua umeme umekatikia wapi. Lakini anafanya kazi gizani. Michoro ya saketi kampuni hazimpi, kwa hiyo anaitafuta kwenye makundi ya Telegram, mingine ni ya toleo jingine la bodi, mingine imefutika nusu. Framework wanasema duka la ufundi likiomba michoro ya saketi linapewa. Fikiria kijana huyo akiwa na mchoro sahihi mbele yake.

Na fikiria na upande wako wewe mteja. Tuseme ukweli, wengi tunaogopa kwenda kwa fundi. Unaacha laptopu yenye RAM ya GB 16, unarudishiwa yenye 8, na kwa kuwa hujawahi kuona ndani yake huna hata pa kuanzia ugomvi. Dada zetu ndio wanaopigwa zaidi, wanaambiwa bodi imeungua kumbe ni waya wa kioo. Mahali ambapo kila kifaa kina jina, bei inayojulikana na picha ya jinsi kinavyokaa, uongo wa namna hiyo unakosa hewa. Kuna mwenzangu wa uhandisi alinibishia kwamba watu wakijua kufungua wenyewe mafundi watakufa njaa. Sidhani. Kila mtu anajua kubadilisha tairi na bado gereji zimejaa. Fundi anayekufa njaa ni yule anayekaa miezi mitatu akisubiri mzoga.

Kuna jambo jingine la karibuni linaloumiza mfuko. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa dunia nzima, kwa kuwa chipu nyingi zinamezwa na vituo vya akili bandia. Framework nao wakapandisha. Lakini mwenye RAM inayochomoka anahama nayo kwenda mashine nyingine. Mwenye RAM iliyolehemiwa atainunua upya kila anaponunua laptopu, kwa bei itakayokuwepo siku hiyo.

Mtu ataniambia haya ni mambo ya wazungu, waache na Framework yao. Ni kweli yako kwao, lakini hebu angalia laptopu zetu zinatoka wapi. Nusu ya zilizopo maktaba ni mitumba. Ukigeuza nyuma unakuta stika ya hesabu ya ofisi fulani ya Ulaya. Wanachonunua wao leo ndicho tutakachonunua sisi baada ya miaka mitano. Ufaransa tangu 1 Januari 2021 laptopu mpya inauzwa ikiwa na alama ya kutengenezeka, chini ya 10, imebandikwa pale pale kwenye bei. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria kwamba kuanzia 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziwe zinaweza kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa vifaa vichache vilivyosamehewa. Zile za gundi zilizouzwa kabla ya hapo hazitayeyuka, zitakuja huku. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Laptopu yenye bawaba iliyong'oka na prosesa nzima inaingia kwenye hesabu hiyo kama vile imekufa kweli.

Basi tufanye nini, sisi ambao hatuna dola 549? Kwanza, kabla ya kulipa, uliza. Chukua jina kamili la modeli, tafuta mwongozo wake wa kufungulia. Lenovo, Dell na HP wanaiweka wazi miongozo ya laptopu zao za ofisini, bure, pamoja na picha, na ndiyo maana fundi mzuri atakushauri ThinkPad, Latitude au EliteBook ya mtumba badala ya mpya nyembamba inayong'aa dirishani. Si nzuri, najua. Inafanana na tofali. Lakini RAM ya nyingi ya hizo inatoka, ukiacha chache nyembamba, na bawaba zinapatikana kwa sababu mizoga ni mingi. Hata Lenovo wameanza kuona upepo unakoelekea: mwaka 2024 ThinkPad T14 yao mpya, waliyoisanifu kwa ushauri wa iFixit, ilipata 9 kwa 10. Sisemi Framework ndio waliowalazimisha. Nasema inawezekana hata kwa kampuni kubwa, kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani.

Pili, na hili naliandika kwa ajili ya serikali yetu ya wanafunzi. Chuo kinanunua kompyuta kwa mamia. Maabara ya ghorofa ya kwanza ina mashine zilizofunikwa nailoni tangu nilipofika mwaka wa kwanza, zimeandikwa kwa kalamu nyekundu MBOVU. Nilipouliza nikaambiwa nyingi zina tatizo la usambazaji umeme, kifaa kimoja cha aina ya peke yake ambacho hakiuzwi nje ya kampuni. Hilo lilikuwa linajulikana siku ya zabuni, kama kungekuwa na mtu wa kuuliza. Mwakilishi wetu anaingia kwenye vikao hivyo. Aombe kiongezwe kipengele: muuzaji aseme vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi na kwa bei gani, mwongozo wa matengenezo ukabidhiwe pamoja na mashine, RAM, diski na kifaa cha umeme viwe vya kubadilishika. Hakuna gharama ya kuandika sentensi tatu kwenye zabuni. Na wale wenzetu wa uhandisi wanaohangaika kila mwaka kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, wapewe meza moja, mita, pasi ya kulehemia na zile MBOVU zote. Mbili kati ya tano wakizifufua, maktaba itakuwa imepata kompyuta ambazo mkaguzi alishazifuta kwenye vitabu.

Nimeambiwa kipengele kama hicho kitawaudhi wauzaji. Wataudhika, ndiyo. Hata muuza pikipiki huwa anaudhika mjomba akianza maswali.

Mzoga ulipatikana wiki iliyopita. Mashine ya rafiki yangu ni nyeusi na mfuniko wa mzoga ni wa rangi ya fedha, kwa hiyo sasa anatembea na laptopu ya rangi mbili kama mbuzi. Inafunguka, inafunga, kioo kinasimama. Ripoti aliikusanya ikiwa imechelewa siku kumi na moja, na alama walizomkata kwa kuchelewa hazikurudi na mfuniko.